Unazunguka Nini? Uhakiki wa Kiswahili cha Utegili kwa Masikio ya Mchesi na Dzaleka

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili cha maandishi ya sayansi kinavyoeleza jambo moja mahususi la fizikia, yaani athari ya kuzunguka kwa utegili juu ya mitetereko ya kisumaku katika mitambo ya myeyungano wa viini. Inadai kwamba nomino tunazo za kutosha, na kwamba kasoro kubwa imo katika vitenzi, tamathali na miundo ya sentensi tunayoichukua bila kuipima. Ushahidi wake unatoka katika usomaji wa pamoja na wasemaji wa Kiswahili wa Mchesi, jijini Lilongwe, na wa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Ni wasemaji ambao Kiswahili chao hakiulizwi mara nyingi istilahi zinapoundwa.

Utangulizi

Anayefuatilia kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967 na kuchapishwa kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI mwaka 1990, ataona kwamba kwa sehemu kubwa kazi hiyo imefanywa kwa orodha. Neno la kigeni huwekwa upande mmoja, nomino ya Kiswahili upande wa pili, na mjadala hufungwa pale nomino inapokubaliwa. Sibezi kazi hiyo. Bila hiyo makala hii isingeandikika. Hata hivyo, jambo la fizikia ni tukio: kitu kinatenda, kingine kinatendewa, cha tatu kinazuia, na kipimo kinabadilika. Orodha haijapimwa mpaka ibebeshwe sentensi.

Nimechagua sentensi ngumu kwa makusudi: kuzunguka kwa utegili kunaweza kuzuia mitetereko ya kisumaku, kuichelewesha au kuichochea, kulingana na kasi ya kuzunguka huko, tofauti ya kasi kati ya tabaka na tabaka, na ukaribu wa ukuta. Sentensi hii haina hata istilahi moja isiyoweza kupatikana. Ugumu wake umo katika uhusiano wa sehemu zake, na hapo ndipo maandishi yetu mengi hukwaa.

Kuhusu mahali, nina sababu mbili. Kiswahili si mgeni Malawi. Kilikuwako Nkhotakota ya akina Jumbe katika karne ya 19, na tangu kambi ya Dzaleka ilipofunguliwa mwaka 1994 kimesemwa kila siku na watu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, kambini humo na katika mitaa ya Lilongwe kama Mchesi. SADC ilipokikubali kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019, wasemaji hao walikuwa na robo karne ya kukitumia nchini humo. Sababu ya pili ni ya kihakiki. Msomaji aliyelelewa na vitabu vya shule vya Tanzania hupita juu ya sentensi mbovu ya kisayansi kwa sababu ameizoea. Msomaji wa Mchesi, aliyesoma fizikia kwa Kifaransa au Kiingereza na anayeishi kwa Kiswahili na Kichewa, husita. Nimekuwa nikisoma na wasomaji wa namna hiyo aya fupi kuhusu nishati, nikiangalia wanaposita. Sivihesabu vikao hivyo kuwa utafiti wa sampuli, na hakuna takwimu nitakayoitoa humo. Ni masikio ya mhakiki tu.

Jambo lenyewe

Tokamaki, mtambo uliobuniwa na wanafizikia wa Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1950, ni chumba chenye umbo la tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo. Ndani yake mna gesi ya hidrojeni nzito iliyopashwa moto hadi elektroni zikaachana na viini. Gesi ya namna hiyo, inayopitisha umeme na kuitii sumaku, ndiyo utegili. Katika ITER, mtambo unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, joto linalolengwa ni nyuzi milioni 150 za Selsiasi. Hakuna chombo cha kuushika utegili wenye joto hilo. Unashikwa na uga wa sumaku, ambao mistari yake hujiviringisha ndani ya tyubu kama nyuzi za kamba iliyosokotwa, tabaka ndani ya tabaka, mfano wa maganda ya kitunguu.

Utegili huo hautulii. Miale ya atomu zisizo na chaji, inayopigwa kwa mshazari ili kuupasha moto, huusukuma pia, nao huanza kuzunguka kwa kufuata urefu wa tyubu, kwa kasi ya makumi hata mamia ya kilomita kwa sekunde.

Mitetereko inayouwinda ni mingi. Kwa makala hii inatosha miwili. Wa kwanza ni wa kujipinda. Shinikizo la utegili likizidi kiwango fulani, umbo lake zima hujipinda na kutokeza uvimbe upande mmoja. Pasipo ukuta, uvimbe huo ungekua katika muda wa mikrosekunde. Ukuta wa metali uliowekwa karibu huuchelewesha: uga unapobadilika huzaa mikondo ya umeme ukutani, na mikondo hiyo huusukuma uvimbe urudi nyuma. Lakini metali ina ukinzani. Mikondo hufifia, uga hupenya ukuta, na uvimbe huendelea kukua, safari hii kwa muda wa milisekunde. Wa pili ni wa kuchanika. Mistari ya uga hukatika na kuungana upya kwa namna nyingine, ikafanya mifuko iliyojifunga ambayo wanafizikia huiita visiwa. Katika kisiwa, joto la ndani hupata njia ya mkato ya kutoka nje. Kisiwa kikikua mno, utegili mzima huporomoka, na nishati yake humwagika ukutani katika milisekunde chache.

Kuzunguka kunagusa yote mawili. Namna kunavyogusa ndiyo kiini cha uhakiki huu.

Tamathali ya pia

Ukimwuliza msomaji yeyote kwa nini kuzunguka kusaidie kitu kutulia, atakujibu kwa pia ya watoto: ikizunguka kwa kasi husimama, kasi ikipungua huyumba na kulala. Kwa Kichewa mchezo huo ni nguli, nao hupigwa kwa mjeledi ili usilale. Mchesi mmoja wa wasomaji alileta mfano wa kabaza, baiskeli ya abiria, ambayo husimama wima inapokwenda na huanguka inaposimama. Tamathali hii haikutoka kwao peke yao. Imejaa katika maelezo ya sayansi kwa umma katika lugha nyingi, na mwandishi wa Kiswahili anayetafuta picha ya karibu huifikia bila jasho.

Kwa utegili, ni tamathali potofu. Pia husimama kwa sababu ya mhimili wake mwenyewe: kitu kigumu kinachozunguka hukataa kubadilishiwa mwelekeo wa mhimili huo. Utegili hauna ugumu huo, wala tishio lake si la kuinama. Lau utegili wote ungezunguka kwa kasi moja, mbali na ukuta na bila kitu kingine cha kujilinganisha nacho, uvimbe wake ungezunguka pamoja nao na kuendelea kukua kana kwamba hakuna kinachozunguka. Faida ya kuzunguka inatokana na jirani. Tamathali inayomficha jirani inaficha fizikia yenyewe.

Picha iliyo karibu zaidi na jambo ni ya mtungi. Mtungi wa maji unaotoka jasho ukiachwa mahali pamoja juu ya mkeka, unyevu hupenya mkeka hadi sakafuni. Ukisogezwa kila mara, hakuna sehemu ya mkeka inayopata muda wa kulowa. Uvimbe wa utegili ukisimama mbele ya sehemu ile ile ya ukuta, uga wake hupenya. Ukipita kwa kasi mbele ya ukuta, kila sehemu hupata mikondo mipya ambayo haijafifia, na ukuta hujibu kana kwamba hauna ukinzani hata kidogo. Naona mtungi unafaa kwa nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mara nyingi uvimbe hauendi na utegili: hubaki karibu na ukuta, na utegili huteleza kuupita. Hapo kinachouzuia usikue ni nishati inayopotea katika kule kuteleza, kama anavyopungukiwa nguvu mtu anayeshika nguzo katikati ya mto. Bondeson na Ward, katika hesabu zao za mwaka 1994, walionyesha kwamba kuzunguka pamoja na ukuta wenye ukinzani kunaweza kuutuliza mtetereko wa kujipinda, na upotevu wa namna hiyo wa nishati ulikuwa sehemu ya hesabu.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Tulipofika kwenye sentensi "utegili unazunguka ndani ya mtambo", msomaji mmoja aliuliza: "Unazunguka nini?" Wenzake walicheka kidogo, na katika darasa la fizikia swali lake huenda lingeonekana ni la mtu asiyejua Kiswahili sanifu. Mimi naliona kuwa ndilo swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa. Katika Kiswahili, kuzunguka kunabeba mambo mawili: gurudumu linazunguka, nao mwezi unazunguka dunia. La kwanza halina yambwa, la pili linayo. Kichewa kina kuzungulira, ambamo kiambishi cha kutendea hukumbusha kwamba kuna kitu katikati kinachozungukwa. Msemaji aliyetoka Kongo ana kuzunguluka, yenye ile l ambayo kuzunguka ya pwani haina, na kizunguzungu cha Mswahili ni jamaa wa chizungulire cha Mmalawi. Mtu anayeishi kati ya vitenzi hivi vitatu hataridhika na kuzunguka kusiko na kitu cha kulinganishia. Katika fizikia ya utegili hali ni hiyo hiyo: kasi ya kuzunguka haina maana mpaka iseme ni kwa kulinganisha na ukuta, na uvimbe, au na tabaka la jirani.

Kuna utata mwingine ambao nomino mzunguko huuzidisha. Katika tyubu kuna njia mbili za kuzunguka, ndefu inayofuata mzingo wa gurudumu, na fupi inayouzunguka mwili wa tyubu. Mistari ya uga hufuata zote mbili kwa wakati mmoja. Kisha kuna mzunguko wa umeme katika saketi, na mzunguko kwa maana ya mara moja ya kwenda na kurudi. Nimeona aya ambamo mzunguko umebeba maana tatu kati ya hizi katika mistari minne. Tiba yake haihitaji istilahi mpya. "Kuzunguka njia ndefu" na "kuzunguka njia fupi" zinatosha kabisa, na fundi wa tyubu barabarani atazielewa kabla ya mwanafunzi wa chuo.

Ukosefu hauhesabiki

Maandishi yetu hupenda kulieleza jambo la kutetereka kwa kukanusha: ukosefu wa uthabiti, kutokuwa thabiti, hali isiyo imara. Kimaana hakuna kosa. Kisarufi kuna hasara. Ukosefu ni nomino dhahania ya ngeli ya U na haina wingi, ilhali wanafizikia wanahesabu. Wanazungumzia mtetereko wa kujipinda, wa kuchanika, wa ukingoni. Wanauliza upi ulitangulia, upi uliuzaa mwingine, ni mingapi inayokua kwa pamoja. "Ukosefu wa uthabiti wa kwanza uliuzaa ukosefu wa uthabiti wa pili" ni sentensi ambayo hakuna Mswahili aliyepata kuitamka kwa hiari.

Kuyumba kulipendekezwa na wengi katika vikao vyetu, nami nilikupenda, kwa kuwa kunaleta myumbo na miyumbo. Kasoro yake ni kwamba kinachoyumba huenda na kurudi. Mtetereko wa kisumaku huenda na kuzidi kwenda. Kutetereka ni kuponyokwa na usawa, na baada ya hapo ama mtu hujishika ama huanguka. Mtetereko una wingi, una kitenzi hai nyuma yake, na unaacha mlango wazi wa kujishika, jambo ambalo ndilo hasa kuzunguka kwa utegili kunakolifanya. Nimeutumia tangu mwanzo wa makala hii bila kuueleza, na sidhani kuwa kuna msomaji aliyekwama.

Kupishana na kunasa

Mahali ambapo Kiswahili kina utajiri usiotumika ni katika habari ya tofauti ya kasi. Katika tokamaki, tabaka la ndani kwa kawaida huzunguka kwa kasi kuliko la nje. Tofauti hiyo kati ya tabaka na jirani yake ina athari zake yenyewe, mbali na athari ya kasi. Mwaka 1982, katika mtambo wa ASDEX huko Garching, Ujerumani, Friedrich Wagner na wenzake waligundua hali ambamo utegili hulitunza joto lake vizuri zaidi kwa ghafla. Baadaye maelezo yaliyokubalika yalihusisha jambo hilo na tofauti kali ya kasi ukingoni, ambayo huvivuta na kuvirarua vimbunga vidogo vya utegili kabla havijakua. Hata kisiwa cha mtetereko wa kuchanika hupata taabu kukua pale ambapo pande zake mbili haziendi pamoja.

Kwa tofauti hii maandishi kadhaa hutumia mkato. Nalipinga neno hilo. Ni tafsiri ya picha ya mkasi kutoka lugha nyingine, na msomaji wa Kiswahili anaposikia "mkato wa kasi" huelewa kwamba kasi imekatwa, yaani imepunguzwa. Kiswahili kina kupishana. Watu wawili wanaopishana njiani, magari yanayopishana, bei zinazopishana: ndani ya kitenzi kimoja mna mwendo, ujirani na tofauti. "Matabaka yanapishana kwa kasi" husema kwa maneno manne yale ambayo mkato wa kasi huhitaji aya kuyafafanua. Kitenzi hicho kinaweza pia kubeba onyo lake. Mpishano ukizidi mno, wenyewe huzaa mtetereko, kama upepo wa mwera unavyoyapita maji ya Ziwa Malawi na kuyainua kuwa mawimbi.

Neno la pili ni la ugonjwa mbaya zaidi wa visiwa. Kisiwa kinachozunguka pamoja na utegili huzaa mikondo ukutani, na mikondo hiyo hukiburuta nyuma. Kinapopunguza mwendo, buruto huongezeka. Mwishowe kisiwa husimama palepale mbele ya ukuta, kikakua, na mara nyingi mporomoko hufuata. Jambo hili huweza kuanzishwa na hitilafu ndogo katika uga, inayotokana na koili zisizokaa sawasawa. Sehemu moja ya elfu kumi ya uga mkuu inaweza kutosha. Tafsiri ya kawaida ni kisiwa kilichofungwa. Tafsiri hiyo ilipita vikao vyote bila kupingwa isipokuwa Dzaleka, na si ajabu. Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza la zama za Kamuzu Banda, na jina lake lina mwangwi wa Kichewa wa mtu anayesema ataacha, hatarudia tena. Huko kufungwa kuna mfungaji, na kuna ufunguo mikononi mwa mtu. Katika utegili hakuna mfungaji. Kisiwa kimekutana na hitilafu iliyokuwa ikimngoja yeyote, kama nguo inavyokutana na mwiba. Kimenasa. Kunasa kunakubali kunaswa na kunasua, na kunasua ndiko wanakofanya wanafizikia wanapotumia koili za ziada kusahihisha hitilafu ya uga. Kitenzi kufunga kinaelekeza lawama mahali pasipo na mtu, na lugha ya sayansi ikianza hivyo haiishii hapo.

Kadiri hii, ndivyo ile

Nafika kwenye kosa ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa halimo katika neno lolote. Kiswahili cha maelezo kina muundo unaopendwa mno: kadiri jambo hili linavyoongezeka, ndivyo jambo lile linavyoongezeka. Ni muundo mzuri, una mizani, na mwalimu huweza kuukariri. Ukipewa habari za kuzunguka kwa utegili, utatoa sentensi hii papo hapo: kadiri utegili unavyozunguka kwa kasi, ndivyo unavyozidi kutulia. Kwa miaka kadhaa fizikia yenyewe ilielekea kukubali jambo la karibu na hilo, pamoja na nyongeza ya kizingiti: chini ya kasi fulani utegili haupo salama, juu yake upo salama. Majaribio ya mwanzo katika mtambo wa DIII-D wa San Diego, ambamo utegili ulipunguzwa mwendo kwa uga wa sumaku wa breki, yaliweka kizingiti hicho karibu na asilimia moja au mbili ya kasi ya Alfvén, yaani kasi ambayo mshtuko husafiri nayo kwenye mistari ya uga kama mtikisiko kwenye uzi wa zeze.

Mwaka 2007 yakaja matokeo mawili, ya DIII-D yenyewe na ya JT-60U huko Naka, Japani. Safari hii utegili ulipunguziwa msukumo kwa kuelekeza miale pande mbili zinazopingana, bila breki ya sumaku. Kizingiti kilishuka hadi karibu na asilimia 0.3. Ilionekana kwamba breki yenyewe ilikuwa imechafua kipimo: uga uliotumika kupunguza mwendo ulikuwa ndio ule ule wa namna inayoweza kuukamata utegili na kuuangusha ghafla. Kisha mwaka 2010, Berkery na wenzake, wakishughulikia mtambo wa NSTX wa Princeton, walionyesha jambo linaloupasua muundo wa kadiri na ndivyo katikati. Katika utegili wao, kasi ndogo ilikuwa salama, kasi kubwa ilikuwa salama, na kasi ya wastani ilikuwa hatari. Sababu ni kwamba chembe ndani ya utegili zina mienendo yake: nyingine huelea polepole kuifuata njia ndefu, nyingine hurudi huku na huku kati ya sehemu mbili za uga wenye nguvu. Kasi ya kuzunguka ikipatana na mwendo wa kwanza au wa pili, chembe huinyonya nishati ya mtetereko. Ikiangukia katikati ya miendo hiyo miwili, hakuna wa kuinyonya.

Niliposoma aya ya namna hii Mchesi, wasomaji waliokuwa wamezoea muundo wa kadiri waliisahihisha. Waliisoma "kasi ya wastani ilikuwa hatari" kana kwamba ni hatari ya wastani, kwa sababu mizani ya sentensi waliyoizoea ilikuwa imekwisha kuwaamulia. Huo ndio uzito wa jambo hili. Istilahi mbaya husahihishwa na istilahi nzuri. Muundo uliozoeleka humfanya msomaji asione hata ushahidi ulioandikwa mbele yake kwa maneno anayoyajua. Wala si jambo la kinadharia tu: ITER itakuwa na utegili mkubwa na mzito, na inatarajiwa kuzunguka polepole kuliko mitambo midogo ya leo kwa kulinganisha na ukubwa wake. Swali la kasi ndogo inafanya nini ni miongoni mwa maswali yanayoamua kama mtambo huo utafanya kazi iliyokusudiwa.

Kiswahili kina miundo mingine. Kina "hata ikifika", kina "ila kati ya", kina "ikipita hapo". Msimulizi wa ngano anaijua yote, kwa sababu safari ya ngano haikui kwa mizani. Mwandishi wa sayansi ndiye aliyeiacha mlangoni.

Nani anaulizwa

Dzaleka ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Agizo la serikali la mwaka 2023 la kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini liliwahamisha baadhi ya wasomaji wangu kutoka Mchesi, ndiyo maana vikao vilivyoanza mjini viliendelea kambini. Tangu mwaka 2010 kumekuwa na masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti kambini, kwa Kiingereza. Kiswahili cha kambi hupewa kazi za matangazo ya afya, redio, mahubiri na ugomvi wa foleni ya maji. Katika mijadala ya usanifishaji niliyohudhuria, Kiswahili hicho kimetajwa mara nyingi kama tatizo la kurekebishwa Malawi itakapokifundisha shuleni. Sijasikia kikitajwa kama chanzo. Na bado "Unazunguka nini?" ilitoka huko, na pingamizi la kufungwa lilitoka huko.

Sitaki kuzidisha. Si kila neno la Mchesi linafaa. Nyuklia, kwa mfano, huko huwapeleka wengi moja kwa moja kwenye urani ya Kayelekera, wilayani Karonga, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2009. Waliotoka Kinshasa huikumbuka TRICO, mtambo wa kwanza wa kinyuklia barani Afrika, uliowashwa mwaka 1959. Yote hayo ni ya kupasua viini, kinyume cha jambo tunalolijadili, na mhariri anapaswa kusimama imara hapo. Hata myeyungano, neno lililoenezwa na Wikipedia ya Kiswahili, lina kuyeyuka ndani yake ilhali hakuna kinachoyeyuka. Nalivumilia kwa sababu muungano limekwisha kumilikiwa na siasa tangu mwaka 1964.

Aya iliyobaki mikononi mwetu baada ya vikao vya mwisho ilikuwa hii: "Utegili unapozunguka njia ndefu na kuupita ukuta, uvimbe unaoanza kujipinda hukosa mahali pa kupenya. Matabaka yakipishana, kisiwa hupata taabu kukua. Kisiwa kikinasa mbele ya ukuta, utegili huweza kuporomoka. Kasi ndogo huweza kuwa salama, na kasi kubwa pia. Ila kati ya hizo mbili ipo kasi ambayo mtetereko hukua." Imesomwa na watu waliokuwa hawajapata kuisikia tokamaki, nao waliisimulia tena kwa maneno yao bila kuigeuza. Mzozo uliobaki ni wa utegili lenyewe. Wahudumu wa afya wawili waliokuwapo walishikilia plazima, kwa hoja kwamba wanalitumia kila siku kwa maji ya damu na kwamba neno moja litawatosha kwa yote mawili, kama linavyowatosha Wazungu. Fundi wa redio aliyeketi nao alikataa: kwake, kitu kinachotii sumaku hakiwezi kuitwa kwa jina la kitu kinachotoka kwenye mshipa. Tumeyaacha yote mawili katika nakala, moja juu ya mstari na jingine chini yake.